Kijiji Kinachotuita Usiku

Mhadhara kwa wanafunzi wa chuo na wazazi wao, jijini Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mimi ni afisa kilimo, na waandaaji waliponialika walitegemea nizungumze habari za mbegu. Nitazizungumza. Ila naomba nianze na mbegu 15 ambazo hazijawahi kuonja udongo.

Kuna mchezo wa simu na kompyuta uitwao Stardew Valley. Unapouanza, wewe ni mtu uliyechoshwa na kazi ya ofisini katika kampuni kubwa. Unafungua barua uliyoachiwa na babu yako, unakuta amekurithisha shamba. Unahamia kijijini, unaamka asubuhi ya kwanza, na pale sakafuni pana kifurushi kutoka kwa mkuu wa mji. Ndani mna mbegu 15 za mboga ya mzizi, jamii ya karoti. Unalima kipande kidogo, unazifukia, unamwagilia kila siku. Baada ya siku nne unang'oa. Zote 15.

Nani humu ndani amewahi kufukia mbegu 15 akavuna 15? Naona wazee wanatikisa vichwa. Basi hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapoanzia.

Wazazi huniuliza, wengine kwa hasira kabisa: mbona mwanangu anakesha akilima kwenye simu, na nikimwambia twende shamba Hombolo anaumwa kichwa? Wanadhani ni uvivu. Mimi nasema si uvivu, na nina sababu. Kijana anayekesha kwenye mchezo huu anafanya kazi. Anakata magogo, anavunja mawe, anapanga bajeti ya mbegu, anakumbuka kumwagilia. Anafanya kwa hiari kazi zilezile anazozikimbia. Kwa hiyo kazi siyo inayomkimbiza. Kinachomkimbiza ni kile tunachokijua sote tulioishi mkoa huu: unafanya kazi yote, na bado hujui kama utalipwa.

Mvua zetu za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, zinakuja zinavyotaka. Unapanda mtama Desemba, unaota vizuri, kisha Januari mbingu inafunga wiki tatu. Ukinusurika na ukame wanakuja viwavijeshi. Ukinusurika na viwavijeshi, masuke yakianza kujaza, wanatua kwelea kwelea. Watoto wanapanda juu ya dungu kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua linazama, na wakizidi kabisa inabidi serikali ilete ndege ya kunyunyizia dawa. Kule Stardew Valley kunguru hawagusi shamba lenye mimea chini ya 16. Ukizidisha hapo, unasimamisha sanamu moja ya kutishia ndege, na eneo lake lote limelindwa, hutawaza tena. Kila jioni televisheni ya nyumbani kwako inakuambia hali ya hewa ya kesho, na haikosei. Mimi ninayepeleka utabiri wa mvua kwa wakulima nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo.

Huo ndio utamu wa kwanza: jasho linalolipwa kila mara. Msiudharau. Mtu aliyetuma maombi ya kazi miaka miwili bila hata kujibiwa anahitaji kuona mahali fulani kitu alichokipanda kikiota.

Utamu wa pili umo kwenye saa. Siku ya mchezo huu huanza saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa nane usiku hujalala, unaanguka ulipo. Dakika kumi za kule ni kama sekunde saba zetu, hivyo siku nzima inakwisha kwa dakika 14 hivi. Kila majira yana siku 28, mwaka una majira manne. Pigeni hesabu: mwaka mzima wa kilimo, kupanda na kuvuna na sikukuu zake, unaisha kwa saa 26 za huku kwetu. Viazi vinachukua siku sita, koliflawa siku 12, na hukupanda vyote siku moja. Kwa hiyo hakuna siku ambayo kila kitu kimekamilika. Daima kuna kitu cha kesho.

Halafu, sikilizeni hili kwa makini, kwa kawaida mchezo hauhifadhi kazi yako mpaka mtu wako alale. Unasema nilale ili niache. Unalala, na papo hapo kunakucha. Sanduku la barua lina barua, viazi vimeiva, kuku ametaga. Pale pale ulipopaswa kushuka ndipo gari linapoondoka tena. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 kwamba akili inashikilia kazi iliyokatizwa kuliko iliyomalizika. Anayesema "siku moja tu, mama, nazima" hadanganyi. Anaamini kweli, na siku ile ni dakika 14 tu. Tatizo ni kwamba siku ile imeshonwa na inayofuata.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Michezo ya namna hii ilitengenezwa na watu gani? Yasuhiro Wada, aliyetoa mchezo wa kwanza wa shamba na kijiji nchini Japani mwaka 1996, ule ambao nje ya Japani uliitwa Harvest Moon, alikulia mashambani kisiwani Kyushu kisha akaenda kuishi Tokyo. Katsuya Eguchi aliyeanzisha Animal Crossing, mchezo mwingine wa kijiji, mwaka 2001 alitoka kwao Chiba kwenda Kyoto kwa ajili ya kazi, na amesema mwenyewe kwamba aliwakumbuka sana ndugu na marafiki aliowaacha. Eric Barone wa Seattle aliukuta mchezo wa Wada utotoni, akaupenda, na alipokuwa mkubwa akajifungia zaidi ya miaka minne akitengeneza Stardew Valley peke yake, michoro, muziki, maneno, kila kitu. Ulitoka Februari 2016, na hadi mwisho wa 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa.

Wawili wa kwanza walikuwa watu wa uhamisho. Na Dodoma ni nini, ndugu zangu, kama si mji wa uhamisho? Uamuzi wa makao makuu ulipitishwa 1973, lakini sisi wengi tulifika baada ya tangazo la 2016, ofisi kwa ofisi, na mabegi yetu. Wanafunzi nao mmetoka Kigoma, Mtwara, Bukoba. Wahenga wamesema mcheza kwao hutuzwa. Sasa asiye kwao anatuzwa na nani?

Mimi nilihamishwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2019. Nilipanga chumba na sebule Nkuhungu, simjui mtu. Mwaka huohuo mchezo wa Stardew Valley ulikuwa umeingia kwenye simu za Android, nikaununua. Nilikuwa narudi kazini, nafunga mlango, naingia kijijini. Kule kila mtu alinisalimu kwa jina. Nilijua mzee Linus, anayeishi kwenye hema kule mlimani, amezaliwa tarehe 3 ya majira ya baridi, na kwamba ukimpa nazi anafurahi sana. Unaruhusiwa kumpa mtu zawadi mbili kwa wiki, mioyo inayopima urafiki wenu inaongezeka, na siku moja anakufungulia siri zake. Nililijua hilo kwa wanakijiji karibu wote.

Asubuhi moja nilifungua mlango kwenda kazini nikakuta turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wamekaa kwenye mikeka. Mume wa jirani yangu alikuwa amefariki. Alikuwa ameugua ndani miezi mitatu, ukuta mmoja na kitanda changu. Nilipokwenda kuandikisha rambirambi, kijana mwenye daftari aliniuliza, "Dada, wewe ni nani kwa marehemu?" Nilisema jirani. Aliniangalia, kisha akaniuliza, jirani wa wapi.

Sikuweza hata kumtaja mama yule kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama inavyopasa. Miezi minane tulichota maji bomba moja.

Nimelifikiria hili kwa miaka, na sitaki niuonee mchezo. Haukunizuia kumsalimu. Ulinishibisha tu. Haja ya kuamkiwa na kujulikana ni njaa kama njaa nyingine, na mimi nilikuwa nikirudi nyumbani kila jioni nikiituliza kwa kijiji kisichougua, kisichoomba chumvi, ambacho ukikipa nazi ileile mara kumi kinafurahi kwa kipimo kilekile. Jirani wa kweli ukimpelekea kitu siku mbaya anaweza kukipokea bila kukutazama usoni. Ukishazoea mioyo inayohesabika, ukimya wa mtu unakutisha.

Mama aliyekaa pale ameinua mkono. Anauliza kama mwanawe ni mraibu. Mama yangu, neno hilo tulitumie kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo ya kielektroniki kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mbele ya mambo yake mengine yote, anaendelea ingawa unamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo imedumu mwaka mzima. Kukesha wiki ya likizo hakufiki huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2020 waliwapima wachezaji zaidi ya 3,000, wengi wao wa Animal Crossing, na walioucheza kwa saa nyingi zaidi walijieleza kuwa na hali njema kidogo kuliko wenzao. Utafiti wao haukuthibitisha kwamba ni mchezo uliowapa furaha hiyo. Lakini Animal Crossing mpya ilitoka Machi 20, 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, ikauzwa zaidi ya nakala milioni 13 ndani ya wiki sita. Watu walikuwa wakitafuta pa kutembeleana.

Na mchezo huo, nauheshimu. Unafuata saa halisi: usiku wako ni usiku wake, duka linafungwa saa nne, ukimaliza vya leo unasubiri kesho. Deni la nyumba unalodaiwa halina riba wala tarehe ya mwisho. Kwa mtu aliyewahi kuandamwa na mkopo wa kausha damu, hiyo peke yake ni njozi.

Ninaowagombeza ni wale wanaouza subira. Mwaka 2012 kampuni ya Supercell ya Ufini ilitoa Hay Day, na mnaucheza sana humu, nawaona mnacheka. Kuupakua ni bure. Ngano inaiva kwa dakika mbili, mahindi dakika tano, vizuri. Ukipanda ngazi, mambo yanachukua saa nyingi, na hapo kuna almasi za kuharakisha, na almasi zikiisha zinauzwa kwa fedha halisi. FarmVille, iliyoanza Facebook mwaka 2009 na kuzimwa mwisho wa 2020, mazao yako yalinyauka usiporudi kwa wakati. Stardew Valley unalipia mara moja, basi. Unaweza kukunyima usingizi, lakini hakuna anayepata shilingi kwa wewe kukosa usingizi huo. Mzazi, ukitaka kujua ushike fimbo au uache, usiangalie tu mtoto anacheza saa ngapi. Angalia pia mchezo unamwomba nini anapotaka kuondoka.

Wazee wanaocheza bao pale chini ya mti nao wanapanda. Mashimo 32, kete 64, unachota, unasambaza moja moja, unavuna kwa mwenzako. Wanaweza kukaa tangu adhuhuri na kuisahau njaa. Lakini jua likizama mmoja anasimama, anakung'uta suruali, kwa sababu ana kwake, na mchezo umekwisha hata kama unayeshinda hujaridhika. Bao linafungwa na mtu aliyeketi mbele yako. Kijiji cha kwenye simu hakuna anayesimama.

Nimeulizwa kama niliacha. Sikuacha. Shamba langu liko mwaka wa sita, majira ya baridi, na Linus bado nampelekea nazi. Ila yule mama wa Nkuhungu, ambaye sasa namwita kwa jina la mwanawe, ana ekari mbili Hombolo. Januari mbegu yake ya kwanza ilikauka yote ardhini. Alikuja mlangoni kwangu, hakugonga, alikohoa tu kama wanavyofanya watu wa hapa, akaniuliza kama naweza kumpatia mtama wa muda mfupi. Nilimpelekea mbegu ya Macia, tukapanda upya siku mbili, mgongo wangu unakumbuka.

Leo Machi inaelekea ukingoni na mtama umeanza kutoa masuke. Kwelea kwelea wameonekana upande wa bwawani. Tumegawana siku za kuamia, na zamu yangu ni Jumamosi.