Nat Nakasa: marehemu aliyesubiri miaka 49 kuzikwa kwao

DADA: Karibu msikilizaji, tuko Mwanza kama kawaida, na leo tuna msiba wa zamani.

KAKA: Wa zamani kweli. Dada umenisomesha habari za mtu ambaye nyumbani kwetu Magu hakuna aliyewahi kumsikia.

DADA: Nat Nakasa, mwandishi wa Afrika Kusini, mtoto wa Chesterville pale Durban. Aliandikia jarida la Drum, akaanzisha la kwake la fasihi, The Classic. Mwaka 1964 akapata nafasi ya kwenda Harvard, Marekani. Serikali ya makaburu ikamnyima pasipoti.

KAKA: Ila ikampa karatasi nyingine.

DADA: Kibali cha kutoka. Maana yake nenda, lakini usirudi, na uraia unauacha mlangoni. Akakichukua.

KAKA: Julai 14, 1965 akafia New York. Alianguka kutoka ghorofani, ana miaka 28 tu. Ikasemwa amejiua, na wapo waliokataa kuamini.

DADA: Wakamzika Ferncliff, nje kidogo ya jiji, makaburi yaleyale alikozikwa Malcolm X mwezi Februari mwaka huohuo. Kaburi la Nakasa lilikaa miaka mingi bila hata jiwe lenye jina.

KAKA: Hapo ndipo nilipokwama. Sisi mtu akifia Dar, usiku huohuo grupu la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina kapatikana, namba ya kutuma mchango imebandikwa.

DADA: Na ugomvi wa azikwe wapi umeshaanza.

KAKA: Huo haukosekani! Mke anataka Buhongwa walikojenga, baba wadogo wanataka kisiwani Ukerewe. Na baba wadogo wakishinda, lazima uvuke. Umewahi kukuta msiba unasubiri pantoni Kisorya? Gari la maiti linapitishwa mbele, hanung'uniki mtu, hata wenye mizigo ya dagaa. Kina mama wanaimba. Ule mlango wa chuma ukianza kunyanyuliwa, kelele zake zinazimeza sauti zote. Mkifika katikati ya maji ndipo unagundua kumbe hawakuacha kuimba.

DADA: Sasa Nakasa, hata michango ingejaa, angepelekwa wapi? Nchi ilishamwandika si wake. Mabaki yake yalifika Durban Agosti 2014, akazikwa Chesterville Septemba 13.

KAKA: Nikuulize swali baya kidogo. Uchaguzi ulioondoa serikali ya makaburu ulifanyika 1994. Wenzake waliingia Ikulu. Miaka 20 yote hiyo walikuwa wapi? Mimi naona serikali ilifuata hotuba.

DADA: Hotuba zilikuwepo, sikatai. Msiba wenye kamera haukosi wakubwa. Lakini dada yake alikuwa bado hai, kaka. Bibi mzima anaambiwa ndugu yako anakuja. Huyo naye alifuata hotuba?

KAKA: Kwa dada yake nakubali. Kwa wengine bado.

DADA: Wewe mbishi.

KAKA: Si ubishi. Tazama Alex La Guma, naye mwandishi, naye Afrika Kusini. Alifia Havana mwaka 1985 akiwa mwakilishi wa chama cha ANC, na huko ndiko alikozikwa. Je, naye afukuliwe?

DADA: Hapana, huyo mwacheni. Cuba walimpokea, alikuwa na kazi yake, alikuwa na mkewe. Nakasa alikuwa peke yake kule, hana nchi yoyote iliyomkubali kama mwanawe.

KAKA: Kwa hiyo kwako kipimo ni kama alikuwa na watu.

DADA: Ndiyo. Na wewe?

KAKA: Kwangu ni wosia. Aliyesema "nizikeni hapa", hata kama ni Buhongwa, baba wadogo watulie.

DADA: Ngoja wakusikie wa Magu.

KAKA: Wameshanisikia, na mmoja ameacha kunipigia.