Folda ya seva imekataa kufunguka: soma namba kabla hujagusa ruhusa

Haya wadau, karibuni tena dukani Ngamiani, Tanga. Mezani leo kuna seva ya Windows Server 2019 na kompyuta ya Windows 11, zote zimechomekwa kwenye hii swichi ya matundu manane. Ndiyo, tunaiuza, bei mtauliza baadaye. Seva inaitwa SEVA1, anwani yake 192.168.1.10, na folda ya pamoja ni Mizigo. Akaunti ya mhasibu ikigusa folda hiyo inarudishwa.

Hapa wengi wanakimbilia kumpa "Everyone", yaani kila mtu, ruhusa zote. Mwache Everyone kwanza. Fungua dirisha la amri, andika:

net use \\SEVA1\Mizigo

Inayotakiwa hapa ni ile namba inayorudi. 53 maana yake seva yenyewe haijaonekana, habari za ruhusa bado kabisa. 86, neno la siri si lenyewe. 5, umefika mlangoni ukakataliwa. Ikitokea kwenye amri hii hii, anza na ruhusa za kushea. Namba usiyoijua, andika net helpmsg na namba yenyewe, utapewa maelezo yake.

Ya 53 naipitia haraka. Jaribu \\192.168.1.10\Mizigo. Ikikubali kwa anwani na ikakataa kwa jina, shida iko kwenye kugeuza jina kuwa anwani, mara nyingi DNS. Ikikataa kote, ingia PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Ikijibu False, yaani mlango namba 445 wa folda za pamoja haujafunguka, kagua kebo, halafu fayawoli ya seva. Kwa ofisi isiyo na domeni, yaani isiyo na seva kuu ya kusimamia akaunti zote, hakikisha mtandao wa seva haujakaa kwenye "Public". Na seva inayopewa anwani na ruta, umeme ukikatika ukarudi inaweza kuamka na anwani nyingine, basi ipe anwani ya kudumu yaishe. Vichwa vya kebo navyo, hewa yetu ya chumvi inavila. Ukiona ukijani kwenye meno, kata, funga kichwa kipya. Usikwangue kwa kisu.

Sasa tuingie kwa jina la mhasibu:

net use \\SEVA1\Mizigo /user:SEVA1\mhasibu *

Ile nyota mwishoni ndiyo inayofanya uulizwe neno la siri. Unapoandika herufi hazionekani, kibodi yako ni nzima. Naandika... aa, 1219. Haikuwa kwenye mpango, ila imekuja yenyewe, tuitumie. Kompyuta hii tayari imeshika SEVA1 kwa akaunti nyingine, na Windows haikubali uingie seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Funga mafaili yote ya seva, kisha:

net use * /delete

Hiyo inakata miunganisho yote, kwa hiyo kama kuna Excel haijasevuliwa, sevu kwanza. Halafu cmdkey /list inakuonyesha maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Ukikuta la zamani la SEVA1, lifute: cmdkey /delete:SEVA1. Narudia amri. Bado 1219? Ngoja... naam, lile dirisha la folda lilikuwa wazi nyuma. Nalifunga. Narudia. Imekubali.

Lakini tazama, dir \\SEVA1\Mizigo, jibu: "Access is denied." Mlango wa kushea umetupitisha, tumezuiwa na ruhusa za folda yenyewe. Hizi ni tabaka mbili, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Mtu akisoma faili vizuri ila akashindwa kusevu, mara nyingi kule kwenye kushea bado "Everyone" ana "Read" tu, kama Windows inavyoweka yenyewe ukipitia "Advanced Sharing". Mimi hupenda kushea niwape "Authenticated Users", yaani walioingia kwa akaunti, "Change", kisha kubana kote nikafanyie kwenye "Security".

Tuhamie kwenye seva. Kabla ya kubofya chochote, kabla ya chochote, fungua dirisha la amri kama msimamizi uhifadhi ruhusa zilizopo:

icacls D:\Mizigo /save C:\ruhusa.txt /t /c

Faili hilo usilifungue ukalisevu upya kwa Notepad. Na siku ya kurudisha unalenga folda mama:

icacls D:\ /restore C:\ruhusa.txt

Ni D:\ peke yake. Ukiandika D:\Mizigo itatafuta Mizigo ndani ya Mizigo na kukwambia haipo.

Sasa bofya kulia kwenye folda, "Properties", "Security", "Advanced", mnajua. Ona hapa: kundi Uhasibu lina "Modify", sawa. Chini yake kundi Vibarua lina "Deny", na mhasibu yumo kwenye makundi yote mawili. "Deny" iliyowekwa hapo hapo inaipiga chini "Allow". Naondoa mstari mzima wa Vibarua. Asiye kwenye orodha hana pa kuingilia, hahitaji kuwekewa "Deny" juu yake. Kuhakiki, nenda "Effective Access", chagua mhasibu, utaona ruhusa za folda zinamfikisha wapi.

Simama hapo. Kile kisanduku cha chini kinachoanza na "Replace all child object", usikitie tiki. Kinafagia ruhusa maalumu za folda zote za ndani, ikiwemo ile ya mishahara, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Nasema tena, usikitie tiki. Ndiyo maana tulihifadhi kwanza.

Kama linalogoma ni faili moja tu, huenda lilihamishwa kutoka folda nyingine ya diski hiyo hiyo. Faili la kuhamisha hubeba ruhusa za lilikotoka, la kunakili huchukua za linakofikia. Lirudishie hilo pekee ruhusa za folda lililomo:

icacls "D:\Mizigo\Ankara\machi.xlsx" /reset

Ukimwingiza mtu kwenye kundi jipya, hataliona hadi atoke kwenye akaunti na kuingia tena. Waja leo, waondoka leo, hapo ndipo msemo wetu wa Tanga unapofanya kazi ofisini.

Na wenye diski za mtandao za zamani: Windows 11 Pro, toleo la 24H2, yenyewe haikubali tena kuingia kama mgeni bila neno la siri. Tengeneza akaunti yenye neno la siri kwenye diski hiyo, usianze kuzima ulinzi.

Turudi kwa mhasibu. Anatoka, anaingia, kisha:

echo jaribio > \\SEVA1\Mizigo\jaribio.txt

Kimya, hakuna kosa. Faili lile pale.