Chagua gitaa la umeme kwa bega, si kwa macho

Habari zenu, wapiga gitaa. Ukipiga roki ya miaka ya sabini na kufika wimbo wa nne bega linawaka moto, video hii ni yako. Mimi gitaa langu la kwanza nililipendea rangi. Baada ya mwezi lilikuwa pambo la ukutani.

Kabla hujatoa hela, tulipime hilo ulilo nalo. Panda kwenye mzani ukiwa umelishika, kisha panda mikono mitupu. Tofauti ndiyo uzito wake. Les Paul nyingi, gitaa maarufu la kampuni ya Gibson, hufika kilo 4, nyingine huzidi. Kwangu mimi, likishuka chini ya kilo 3 na nusu, ndipo mgongo unapoacha kulalamika.

Sasa lete rula. Tazama hapa, freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha 12 kinachokatiza shingo: pima nafasi kati yake na uzi mnene kuliko zote. Ikizidi milimita 2 na nusu, nyuzi ziko juu mno, na huenda unayemhitaji ni fundi, si gitaa jipya. Nyuzi nazo, kama seti yako inaanzia namba 10, jaribu ya 9, nyembamba zaidi. Asikucheke mtu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatika ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na kutumia nyuzi nyembamba, na muziki wake haukupungua uzito hata kidogo.

Bado unaumia? Haya, twende dukani, na mkanda wako mwenyewe begani, ule mpana wa ngozi.

Anza na Stratocaster ya kampuni ya Fender. Tangu 1954 mwili wake umechongwa pale mkono unapolala na pale mbavu zinapogusa, kwa hiyo hakuna kona ya kukuchoma. Kisha shika SG ya Gibson, iliyotoka 1961: nyembamba, nyepesi, na freti za juu kabisa unazifikia bila kujipinda. Ina kasoro moja, na wauzaji hawaitaji. Simama, vaa mkanda, halafu achia shingo. Umeona? Kichwa kinaporomoka. Maana yake mkono wa kushoto utakuwa unabeba gitaa huku unatafuta noti, na hapo kifundo cha mkono kitachoka haraka. Mkanda wa ngozi wenye upande wa ndani usio laini huing'ang'ania nguo na kukizuia kichwa kidogo.

Tuje kwenye shingo. Piga kodi ya F, ile ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote, uishike dakika nzima. Kiganja kikibana, shingo hiyo si yako, iwe nene au nyembamba. Telezesha mkono pembeni mwa freti: zikikukwaruza, weka chini. Kisha vuta uzi wa kwanza juu, kama kwenye solo. Kwenye Stratocaster za mtindo wa zamani ubao wa vidole umeviringika sana, na uzi ukivutwa unaweza kufa sauti. Tena uzi wake una urefu wa milimita 648, wa Les Paul na SG ni kama 628, kwa hiyo seti ileile hukaza zaidi kwenye Stratocaster.

Ukipata linalokukaa, usilipe bado. Lipige dakika 15 ukiwa umesimama, bila kuunganisha amplifaya. Muuzaji akikukazia macho, mwambie unamalizia wimbo.