Lita Tano Zinakwenda Wapi? Mhadhara kuhusu unyevu na umwagiliaji ndani ya hema la kuoteshea

Habari za mchana, ndugu zangu. Wenyeji wa hapa Kampala, ndugu zetu wa Bombo, na ninyi mliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua, karibuni sana. Naona wengi mmekuja na madaftari. Vizuri, maana naanza na hesabu.

Hema hili lililo mbele yenu lina sentimita 120 kila upande na kimo cha sentimita 200. Nje kitambaa cheusi, ndani rangi ya fedha ya kurudisha mwanga. Taa ya LED inaning'inia katikati, feni ya kutoa hewa iko juu pembeni, na chini kuna matundu mawili ya kuingizia hewa. Zidisheni vipimo hivyo, mtapata mita za ujazo 2.88. Sasa, hewa yenye joto la nyuzi 25 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo hewa yote iliyomo humu, ikishiba mpaka ianze kuangusha umande, imebeba gramu 66 za maji. Hiyo ni theluthi ya kikombe cha chai.

Nyanya zikishakuwa kubwa na kulijaza hema, unaweza kuzimwagilia lita tano kwa siku. Mmea hauweki maji hayo akiba. Katika maji yote yanayopandishwa na mizizi, zaidi ya asilimia 95 hutoka tena majanini yakiwa mvuke, kupitia vile vitundu vidogo vinavyoitwa stomata. Maana yake, lita tano ulizomimina asubuhi, kufika kesho yake karibu zote zimeingia kwenye hewa ambayo uwezo wake ni theluthi ya kikombe.

Ndiyo sababu nachoka ninapoulizwa habari za unyevu leo na habari za umwagiliaji kesho, kana kwamba ni masomo mawili. Ni somo moja. Anayefua nguo na kuzianika ndani ya chumba kilichofungwa madirisha hawezi kushangaa ukutani kukiota ukungu.

Tuendelee na hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hununua feni kwa kukisia. Taa ikiwaka saa 16, lita tano ni kama gramu 300 za mvuke kila saa. Tuseme ni mchana mzuri wa Kampala: hewa ya chumbani ina nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 60, yaani imebeba gramu 13 kwa mita ya ujazo. Ndani ya hema taa imeipandisha hadi nyuzi 27, nawe unataka isizidi asilimia 60. Hewa hiyo itatoka na gramu 15 na nusu. Kila mita ya ujazo inayopita inaondoka na gramu mbili na ushei tu. Ili kuondoa gramu 300 unahitaji feni ya kusukuma mita za ujazo 125 kila saa, na hapo ni kabla bomba halijakunjwa kona tatu na kichujio hakijajaa vumbi. Nunua inayozidi hiyo, kisha ipunguze mwendo.

Hiyo ni siku nzuri. Aprili je? Mvua imenyesha tangu alasiri, nje kuna nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 90. Hewa hiyo inaingia ikiwa imeshabeba gramu 17 na nusu. Ipashe moto mpaka nyuzi 27 na kipimo kitasoma 68, kabla jani hata moja halijatoa mvuke wake. Feni hapo haina muujiza. Hata ungeleta kubwa kuliko zote, haiwezi kukushusha chini ya hewa unayoivuta. Kinachobaki ni kupunguza yanayoingia: punguza miche, ondoa majani ya chini yasiyopata mwanga, mwagilia kwa vipimo, usiache maji yakisimama kwenye visahani.

Sasa niwatahadharishe kuhusu ile asilimia yenyewe. Mtu ananipigia simu: "Mwalimu, nina 60, ni sawa?" Namjibu: 60 kwenye joto gani? Hewa ya nyuzi 20 yenye asilimia 60 inavuta maji majanini kwa nguvu ya kilopaskali (kizio cha mgandamizo) 0.94. Hewa ya nyuzi 30 yenye asilimia 60 ileile inavuta kwa 1.70, karibu mara mbili. Mimi huiita kiu ya hewa. Miche michanga na vipandikizi visivyo na mizizi vinapenda kiu ndogo, kati ya 0.4 na 0.8. Mimea inayokua kwa kasi, 0.8 hadi 1.2. Yenye maua na matunda inaweza kufika 1.5 bila kulalamika. Majedwali ya hesabu hizi yako kwenye simu zenu, msiyakariri. Kariri tu kwamba joto na unyevu husomwa pamoja.

Na hapo ndipo usiku unapowaumbua watu. Mchana hema lina nyuzi 28 na asilimia 70, mwenye nyumba anatabasamu. Saa nne usiku taa inazimika, joto linashuka. Hewa ile ikifika nyuzi 22 imeshashiba, na nyumba nyingi za hapa hushuka chini ya hapo kabla ya alfajiri. Umande unatua kwenye majani na kwenye maua yaliyobanana. Hakuna aliyemwagilia, hakuna mvua iliyoingia, lakini asubuhi mimea imelowa. Ukungu wa kijivu unatafuta hasa saa chache za jani lililolowa namna hiyo. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe juu ya majani, wenyewe hauhitaji hata jani kulowa. Unatosheka na hewa nzito iliyotulia.

Dawa ni za kawaida. Ya kwanza: mwagilia taa inapowaka, usimwagilie inapokaribia kuzimika. Ya pili: feni isizimwe pamoja na taa, saa mbili za kwanza za giza ndizo inapohitajika zaidi. Ya tatu wengi hawaijui, nami naipenda kuliko zote: geuza siku. Hakuna anayekulazimisha kuwasha taa mchana. Iwashe usiku, ili joto lake lizibe baridi ya alfajiri, na giza la mimea liwe mchana wakati nyumba yenyewe ina joto. Ule mporomoko wa joto unapungua sana. Nyanya haijui kama nje ni usiku. (Kicheko.)

Ndugu zetu wa Arua, ninyi shida yenu Januari ni kinyume. Upepo mkavu, vumbi, midomo inapasuka. Hema likiwekwa humo huwa na kiu kubwa mno: mmea unafunga stomata kujiokoa, na ukifunga hauli hewa ya ukaa, umesimama tu. Hapo tumieni kitu tunachokijua sote, ule ukuta wa mkaa wa kuhifadhia mboga. Fremu ya mbao, nyavu mbili, katikati vipande vya mkaa, maji yanadondoka kutoka juu taratibu. Uwekeni mbele ya tundu la kuingizia hewa. Hewa inapita ikiwa baridi na yenye unyevu, bila mashine. Lakini mtu wa Kampala asiige hilo Aprili, atajenga kiwanda cha ukungu.

Na zile mashine za kupuliza moshi wa maji? Kwa Kampala, nasema wazi, ni fedha ya kutupa, isipokuwa una vipandikizi au miche ya maabara. Kupuliza maji kwa chupa ndiyo kabisa: unyevu unapanda dakika chache, unashuka, na umekuachia majani yaliyolowa.

Sasa tuje kwenye kipimo. Hivi vidude vya bei nafuu vyenye kioo, mnavyovinunua mjini, vinaweza kukosea kwa asilimia tano, saba, hata zaidi. Angalieni hiki mezani. Jana jioni nilichukua kifuniko cha soda, nikajaza chumvi ya mezani, nikadondosha maji mpaka chumvi ikawa tope zito, isiyeyuke yote. Nikaiweka pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Hewa iliyofungiwa na tope la chumvi, kwenye joto la chumbani, hutulia kwenye asilimia 75. Hiyo ni tabia ya chumvi. Njoo dada, soma kwa sauti. "Sitini na nane." Basi kidude hiki kinapunguza saba. Hakuna haja ya kukitupa. Bandika karatasi mgongoni, andika "ongeza 7", kitakutumikia vizuri. Kisha kining'inize usawa wa majani, kwenye kivuli. Nimeona vimewekwa sakafuni, nimeona vimebandikwa chini ya taa. Vyote viwili vinasema uongo.

Umwagiliaji. Nimeweka vyungu viwili hapa, mche uleule, mchanganyiko uleule wa udongo, samadi na mchanga. Hajati, hebu nyanyua hiki. Na hiki. Umesikia tofauti? Mizani inasema kilo 3.1 na kilo 2.0. Juu vyote viwili vimekauka, ukivitazama kwa macho utavimwagilia vyote, na kimoja utakizamisha. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo usiopata nafasi ya kupungua maji hauingizi hewa. Kwa hiyo nyanyua chungu kila asubuhi. Kikiwa chepesi, mimina mpaka sehemu moja kati ya kumi, au mbili, itoke chini, mwaga iliyotoka. Kikiwa kizito, kiache. Siku mbili zikipita, ziache zipite. Kamba ya "kila Jumatatu na Alhamisi" ikateni leo, maana kasi ya chungu kukauka inaamuliwa na ile kiu ya hewa, na kiu haisomi kalenda.

Mkiona mmea umelegea, msikimbilie dumu. Gusa udongo kwanza. Mmea umelegea na udongo mkavu: maji. Umelegea mchana tu, jioni unasimama: hewa ni kavu au ina joto mno, shughulikia hewa. Umelegea na udongo umelowa: mizizi inakufa kwa kukosa pumzi, na kila kikombe unachoongeza unaimalizia. Hali hii ya tatu ndiyo inayoua mimea mingi zaidi ndani ya mahema, kwa sababu inafanana kabisa na kiu.

Jambo moja zaidi kabla ya maswali, linalochanganya hata mabwana shamba. Nyanya inaoza kitako, saladi inaungua ncha za majani machanga. Mtu anakimbilia Container Village, kwenye maduka ya pembejeo hapa mjini, kununua chokaa na mbolea ya kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu imo tele kwenye udongo. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji yanayovutwa na majani. Hewa ikishiba, majani hayavuti, na kalsiamu haifiki kule mbali kwenye tunda na jani changa. Na ukiacha chungu kikauke kabisa, halafu ukakifurika, safari inakatika vilevile. Kabla ya kununua mfuko, tazama kipimo.

Maswali. Naam, kijana wa nyuma. Umeme ukikatika? Fungua zipu zote mara moja. Hema lililofungwa, mimea imetoka kunyweshwa, feni imesimama: hesabu ya theluthi ya kikombe unaijua. Kama una betri moja ndogo, iunganishe na feni. Mimea inaweza kulala gizani usiku mmoja bila madhara.

Yule ndugu mwenye shati jeupe, unauliza bangi? Hapana, mmea huo hatuufundishi hapa, na polisi wanalijua hema hili kuliko wewe. (Kicheko.)

Mama, swali lako ndilo zuri. Anauliza kuhusu miche ya matoke ya maabara, hasa aina ya Mpologoma, ambayo inamfia wiki ya kwanza. Mama, mche ule umezaliwa ndani ya chupa yenye unyevu wa karibu asilimia 100. Majani yake hayana nta ya kutosha, na stomata zake hazijajifunza kufunga. Ukiutoa ukauweka kwenye asilimia 60, unakauka hata kama mizizi imesimama kwenye maji. Osha ile jeli yote ya chupani mizizini, maana ina sukari na ukungu unaipenda. Panda, kisha funika kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, inayopitisha mwanga, kivulini, unyevu usishuke chini ya 90 kwa wiki moja au mbili. Humo majani yanatoa maji kidogo sana, kwa hiyo udongo uwe na unyevu tu, usilowe; wengi hapo ndipo wanapoua kwa kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche. Baadaye toboa kavera matundu machache, baada ya siku kadhaa ongeza, halafu iinue upande mmoja asubuhi na jioni. Majani mapya yatakayotoka humo ndiyo yatakayojua kufunga stomata. Yale ya chupani yataanguka, usiyalilie. Ikitimia miezi miwili hivi, mche uko tayari kwa shamba. Wako ulikaa siku ngapi chini ya kavera? ... Siku tatu? Haya, anza hapo. Rudisha kavera leo ukifika nyumbani, na usimwagilie mpaka uwe umenyanyua chungu.