Daktari Aliyetega Sikio Haiti

Paukwa!

Ahsanteni. "Pakawa" imetoka hata sijafunga mdomo. Basi Haiti nako, mtambaji akiita "Krik?" waliomzunguka humwitikia "Krak!" Ndipo anapoingia Bouki, mlafi asiyeshiba, anayechezewa shere kila siku na mjanja Ti Malis. Ndugu zangu, kwa Kiwolofu cha Senegali *bukki* ni fisi. Haiti haina fisi hata mmoja. Waafrika walitiwa merikebuni kama watumwa, mikono mitupu, na fisi akavuka bahari vinywani mwao.

Aliyewakalisha chini wasomi wa Haiti akawaambia kwamba hizi si porojo za watu wa shamba ni Jean Price-Mars. Alizaliwa mwaka 1876 Grande-Rivière-du-Nord. Mwaka 1899 alipelekwa Paris kusomea udaktari, akarudi bila shahada. Akatumikia balozini, akawa mkaguzi wa shule, akafundisha. Udaktari wenyewe aliumalizia nyumbani, Port-au-Prince, miaka arobaini imeshampita.

Na mimi naamini udaktari ndio uliomfunza. Mganga hodari haandiki dawa kabla hajaweka sikio kifuani mwa mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa nchi yake. Marekani iliivamia Haiti mwaka 1915, haikuondoka hadi 1934. Price-Mars aliwageukia wakubwa wa mjini: mmejifanya Wafaransa weusi, mkasahau kuwa Wahaiti. Kitabu chake cha 1928 kilikusanya hadithi, vitendawili na imani za wanakijiji, na Vodou, ibada ya Wahaiti yenye asili ya Afrika, akaiita dini, wakati wenzake walikuwa wakiionea haya. Sisi husema mwacha mila ni mtumwa. Pima basi uzito wa maneno hayo kwa wajukuu wa watumwa waliojikomboa kwa silaha mwaka 1804!

Siasa haikumpa alichokitaka. Aliutaka urais mwaka 1930, Bunge likamchagua Sténio Vincent. Akabaki seneta, na mwaka 1946 akawa waziri wa mambo ya nje. Kwangu mimi, kazi yake iliyodumu zaidi ni Taasisi ya Etnolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya watu, aliyoianzisha mwaka 1941: maneno ya mkulima yakaingia darasani. Mwaka 1956, akikaribia miaka themanini, alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Haiti. Mwaka huohuo alikalia kiti cha mwenyekiti huko Sorbonne, Paris, kwenye kongamano la kwanza la waandishi na wasanii weusi. Waandishi Senghor wa Senegali, na Césaire na Fanon wa Martinique, walikuwamo.

Halafu akaja daktari mwingine. François Duvalier alichukua madaraka mwaka 1957, na sifa za mtu mweusi akazigeuza rungu la kutawalia. Hili linaniuma kila ninapolisoma. Mzee hakunyamaza. Mwaka 1967, akiwa na miaka tisini, aliandika barua ya wazi kukanusha kwamba rangi ya ngozi ndiyo kiini cha matatizo ya jamii ya Haiti. Duvalier alikuwa bado yuko Ikulu.