Soko la Maua la Haiti: Kuanzia Nyuma ya Ubao

Mabibi na mabwana, mkikabidhiwa mchoro wa Haiti wa wauza maua, maua yasubiri kwanza. Ugeuzeni.

Kituo cha sanaa cha Centre d'Art kilipofunguliwa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, mwaka 1944, kikiongozwa na Mmarekani DeWitt Peters, baadhi ya wachoraji walifika na rangi walizozizoea. Mmoja wao, Hector Hyppolite, alitumia enameli, rangi ya kung'aa ya kupaka samani, tena akipaka kwa manyoya ya kuku. Walichora juu ya kadibodi na masonaiti, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Wanaozijua kazi za Tingatinga wa Dar es Salaam hawatashangaa.

Masonaiti isiyopakwa kitu nyuma hunywa unyevu: ubao unapinda, pembe zinavimba na kumeguka. Enameli nayo hukauka juu kwanza. Ikipakwa nene, ngozi ya juu inajikunyata huku chini bado ni mbichi. Nyeupe yake hugeuka manjano, hasa mchoro ukifungiwa gizani.

Sasa geuzeni mbele. Ardhi imeinuliwa kama inayotazamwa kutoka ghorofani, ndiyo maana kila kapu linaonekana hadi ndani. Mtu wa mbali amechorwa kwa ukali uleule wa mtu wa karibu. Wako wanaouita mtindo huu wa kitoto. Mimi siwaungi mkono. Tazameni mitaa ya mji wa Cap-Haïtien iliyochorwa na Philomé Obin: mistari imenyooka, na kila mpita njia ana shughuli yake.

Milima iliyo nyuma ya wauzaji si pambo tu. Maua hulimwa Kenscoff, kwenye baridi juu ya mji mkuu, kisha huteremshwa sokoni Pétion-Ville. Angalieni shingo ya mbebaji: mchoraji anayelijua soko huinyoosha wima chini ya kapu. Asiyelijua huliacha kapu likielea, bila ngata wala uzito.

Maua hupakwa mwisho, na hapo ndipo haraka hujifichua. Fundi huweka doa la giza, husubiri likauke, huongeza rangi ya kati, kisha nukta ya mwanga upande mmoja. Mwenye pupa hupaka mbichi juu ya mbichi, nyekundu na nyeupe zikatoka tope la waridi.

Mkiununua, msifute kwa kitambaa chenye maji. Brashi laini kavu yatosha, na rangi ikianza kubanduka, acheni. Mchoro ukiwa wa turubai badala ya ubao, na ukibidi kusafirishwa, turubai lizungushwe kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje.