Uliza na ukoo wa baba: mazungumzo na matabibu na manesi wa zahanati, Tanga

Haya jamani, wa Muheza na Pangani najua mmedamka usiku kwa hiyo slaidi nazipunguza. Leo ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukitaja vinasaba watu wanawaza mashine za Dar huko, mimi leo nataka kalamu na kadi ya kliniki tu.

Mtoto wa miezi 8 analetwa, vidole vya mikono na miguu vimevimba, hataki kushikwa, mama anasema labda kaumwa na mdudu. Tunaandika panadoli, anaondoka. Sasa muulize, nyumbani kuna aliyekuwa akiongezewa damu mara kwa mara, kuna aliyefariki mdogo, macho ya njano? Halafu uliza na upande wa baba, maana kliniki wanakuja mama na bibi, ukoo wa baba hauguswi, mwisho lawama zote anabeba mama peke yake. S ni kinasaba cha sikoseli, na sikoseli ya SS inataka S mbili, moja ya baba moja ya mama, mwambie mzee usoni, kwa adabu lakini.

Na msidanganywe na afya ya kichanga, miezi ya mwanzo bado ana damu ya F, ile aliyotoka nayo tumboni, inamkinga, ikipungua ndo mambo yanaanza.

Kipimo cha sikling nacho kinatuponza. Kinakwambia S ipo, basi, hakikwambii ni moja au mbili, na kwa mtoto chini ya miezi 6 kinaweza kusoma hana kumbe anayo. Mwenye AS, yaani S moja tu na nyingine ya kawaida, siyo mgonjwa, tena mtafiti Allison alionyesha 1954 kwamba hao malaria kali inawapunguzia makali, ndo maana S imejazana huku kwetu. Usimtangazie mama msiba kwa sikling tupu, omba elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha AS na SS.

Wazazi wote AS? Kila mimba asilimia 25 ya SS. Kuna wanaoelewa kwamba wakishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamepona, hapana bwana, shilingi ukiirusha haikumbuki ilivyoanguka jana, kila mimba inaanza upya.

Akithibitika SS, penisilini ya kunywa asubuhi na jioni mpaka miaka 5, chanjo zote, na dawa ya haidroksiyurea mjadiliane na hospitali ya rufaa. Kabla hajatoka mshike mama mkono umuweke chini ya mbavu za kushoto za mwanawe, ajue bandama ilipo, siku ikivimba ghafla na mtoto kapauka asingoje kukuche.

Haya, dada wa Pongwe ulikuwa na swali.